Usiulize ipi kali, uliza siku ngapi

Jioni moja mama muuza omena wa soko la Kibuye aliingia dukani na kiroba mkononi, akasubiri mteja wa mwisho atoke, kisha akainama juu ya kaunta na kuninong'oneza kama mtu anayenunua bangi. "Daktari, hizi Valium hazinishiki tena. Jirani ananiambia kuna nyingine, Xanax, hiyo ndiyo kali. Ni pesa ngapi?"

Mimi si daktari. Nilisomea famasia, na kwa miaka kadhaa nikahudumu katika duka la dawa Kondele kabla sijaanza kuishi kwa kalamu. Lakini mjini Kisumu ukivaa koti jeupe na kusimama mbele ya rafu ya vidonge, wewe ni daktari, upende usipende. Na swali la mama yule, "ipi kali?", ndilo aliloniletea karibu kila mtu mwenye wasiwasi. Watu huzipima dawa za kutuliza kama walevi wanavyoipima chang'aa: ya huyu inashika, ya yule ni maji.

Kipimo hicho kinapotosha. Valium, Xanax, Ativan, Rivotril na Lexotanil ni majina ya kibiashara tu. Ndani yake, kwa mpangilio huohuo, mna diazepamu, alprazolamu, lorazepamu, klonazepamu na bromazepamu, na zote ni za ukoo mmoja uitwao benzodiazepini. Ubongo una kemikali yake ya kutuliza, GABA, ambayo ikitua kwenye kipokezi chake hufungua mlango, chembe za kloridi zikaingia ndani ya neva, na neva ikapoa. Dawa za ukoo huu haziufungui mlango zenyewe. Humsaidia mwenye mlango aufungue mara nyingi zaidi. Mlango ni mmoja kwa dawa zote.

Nguvu basi ni suala la mizani. Kwa makadirio yanayotumiwa sana, nusu miligramu ya alprazolamu hufanya kazi inayokaribiana na ya miligramu 1 ya lorazepamu au miligramu 10 za diazepamu. Pilipili mbuzi moja na pilipili za kawaida kadhaa zinaweza kuuwasha mchuzi sawasawa, ilmradi mpishi anajua kipimo. Anayehama kutoka Valium ya 5 kwenda Xanax ya 0.5 akidhani amepata kidonge kidogo, kumbe ameongeza dozi maradufu.

Wala ukoo huu si mgeni. Mwaka 1957 katika maabara za kampuni ya Roche kule Nutley, New Jersey, kikosi cha mkemia Leo Sternbach kilikuwa kinasafisha meza kilipokuta unga uliotengenezwa miaka miwili nyuma na kusahaulika. Ukapimwa, ukaonekana unatuliza bila kumlaza mtu kama wafu, tofauti na dawa za zamani za barbitureti ambazo dozi ikizidi ziliua upesi. Unga huo ukaingia sokoni mwaka 1960 kwa jina la Librium, na Valium ikafuata mwaka 1963. Kuanzia 1969 hadi 1982 hakuna dawa iliyouzwa Marekani kuliko Valium. Kisha watu wakaanza kugundua kwamba kuingia ni rahisi na kutoka ni kazi. Mwaka 1984 ukoo huu uliwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa Umoja wa Mataifa wa dawa zinazoathiri akili, na mwaka 1988 wasimamizi wa dawa Uingereza wakawaambia madaktari wao: wiki mbili hadi nne, basi.

Kinachozitofautisha kwa kweli ni saa. Dawa inapanda kichwani kwa kasi gani, na inakaa mwilini muda gani.

Diazepamu hupenda mafuta, na ubongo una mafuta mengi, kwa hiyo hupanda upesi, ndani ya saa moja hivi mtu anaisikia. Kuondoka ndiko kunakochelewa. Nusu yake huchukua saa 20 hadi 50 kutoka, na kabla haijaisha ini limeshaigeuza kuwa dawa nyingine inayotuliza vilevile na kukawia kuliko mama yake. Kidonge cha Jumatatu usiku bado kina mabaki Alhamisi. Anayemeza kila siku anajaza mtungi ambao haujaisha. Utafiti wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba nusu ya diazepamu, ambayo kwa kijana wa miaka 20 hutoka kwa saa 20 hivi, kwa mzee wa miaka 80 huhitaji saa kama 90. Nyanya aliyeandikiwa kidonge kimoja kila usiku "apate usingizi" anarundika dozi juu ya dozi, na wiki ya pili anapoanguka alfajiri akienda chooni, familia nzima inasema ni presha.

Alprazolamu ni hadithi ya pili. Nusu yake hutoka kwa takriban saa 11, na haiachi nyuma mtoto wa maana. Inapanda vizuri, hofu inashuka, mtu anapumua. Halafu inaondoka. Aliyemeza jioni anaamka alfajiri moyo ukimwenda mbio, viganja vimelowa jasho, na anaamini ugonjwa umezidi. Huenda ugonjwa uko palepale, ila dawa imetoka na kuacha mlango wazi. Kwa hiyo anameza nyingine, halafu anaanza kuangalia saa. Naamini hicho ndicho watu wanachokiita ukali: wanaisikia ikija na wanaisikia ikienda. Diazepamu inayoondoka polepole haina kishindo hicho, kwa hiyo inaitwa dhaifu.

Lorazepamu iko kati, saa 10 hadi 20, na ina sifa moja ninayoithamini. Ini haliihangaikii sana, huifunga na kitu cha jamii ya sukari na kuipa figo iitoe, bila kuzaa dawa nyingine. Kwa mzee, au kwa mtu ambaye ini lake limeharibiwa na homa ya ini au miaka ya chang'aa, hilo ni jambo kubwa. Klonazepamu hukaa muda mrefu na wengi huku wanaijua kama dawa ya kifafa. Bromazepamu iko katikati na sina la kuongeza juu yake. Flunitrazepamu, ile Rohypnol ya wezi wa "mchele" wanaowatilia walevi vinywajini, si ya makala haya.

Mtu akisoma mpaka hapo atauliza: kama lorazepamu ina sifa hizo, kwa nini zahanati zetu zimejaa diazepamu? Jibu moja ni friji. Sindano ya lorazepamu inataka kuhifadhiwa kwenye baridi. Sindano ya diazepamu inakaa kwenye kabati. Nenda kituo cha afya Budalang'i au Nyando msimu wa mvua, stima imepotea tangu jana, uniambie wewe ungeagiza ipi. Na katika ukanda huu wa ziwa, ambako malaria haiishi, muuguzi wa zamu ya usiku hahitaji dawa ya kutuliza kwa ajili ya wasiwasi. Anaihitaji kwa mtoto aliyeletwa na degedege, na huipitisha kwenye mshipa, au kwenye njia ya haja kubwa mshipa usipopatikana. Sisi wa magharibi tuliijua diazepamu kupitia malaria kabla ya kuijua kupitia mawazo.

Kwenye degedege hilohilo kuna kioja kinachoonyesha kwamba hata saa ya vitabuni haitoshi. Diazepamu ikichomwa mshipani hufika ubongoni mara moja, lakini katika muda wa nusu saa hivi huwa imetawanyika kwenye mafuta ya mwili mzima na ulinzi wake umepungua, ingawa mwilini itakuwamo kwa siku kadhaa. Lorazepamu, ambayo nusu yake hutoka mapema zaidi, hubaki zamu kwa saa nyingi. Kukaa mwilini si kukaa kazini.

Nirudi kwa mama wa omena. Sikumuuzia Xanax. Nilimuuliza kwanza kama kuna dawa nyingine anayotumia. Akasema hapana, kwa ile hapana ya haraka. Kazi ya duka la dawa inakufundisha kuisikiliza hapana ya namna hiyo. Nimewaona watu wanaotia pamba ndani ya chupa ya ARV ili vidonge visipige kelele kwenye matatu. Nikabadilisha swali: "Mama, mkojo wako siku hizi una rangi gani?"

Alicheka, kisha akafunika mdomo kwa leso. "Kama Fanta."

Alikuwa mwezi wa pili wa dawa za kifua kikuu, na hakutaka soko lijue. Rangi ile inatokana na rifampisini, mojawapo ya dawa nne anazoanza nazo mgonjwa wa TB. Rifampisini huliamuru ini lichome dawa nyingi kwa kasi isiyo ya kawaida, diazepamu na alprazolamu zikiwemo. Ndiyo maana Valium ilikuwa "haimshiki tena". Dawa ilikuwa ileile na mwili wake haukuwa umeizoea kama alivyodhani. Ini lilikuwa linaimaliza kabla haijafanya kazi. Xanax ingeishia jikoni humohumo. Na tuseme angeongeza dozi mpaka ikamshika: matibabu ya TB huchukua miezi sita, rifampisini inasimama, wiki chache baadaye ini linarudia mwendo wake wa kawaida, na dozi iliyokuwa maji inageuka nyundo. Mwanamke huyo huamka saa kumi usiku kuvuka barabara kuu akiwa na karai kichwani.

Majedwali ya kulinganisha dawa yaliyoandikwa London hayana habari ya Kibuye. Kaunti za Homa Bay, Kisumu, Siaya na Migori zinaongoza nchini kwa kiwango cha maambukizi ya HIV, na baadhi ya wanaotumia ARV za ngazi ya pili wanatumia ritonaviri, ambayo hufanya kinyume cha rifampisini: hulifunga ini mikono. Alprazolamu au midazolamu, ndugu mwingine wa ukoo huu, ikikutana nayo hurundikana. Lorazepamu, kwa kuwa haipiti njia hiyo, hupata usumbufu mdogo zaidi. Kabla ya dolutegraviri kuenea, wengi walikuwa kwenye efavirenzi, dawa inayojulikana kwa ndoto mbaya na mahangaiko ya usiku, na nakumbuka wateja waliokuja kutafuta cha kutuliza hofu iliyotoka kwenye kidonge kingine. Huku kwetu, swali "unatumia nini kingine?" lina uzito kuliko jedwali zima la nguvu. Na liwe pamoja na muguka, yale majani ya kutafuna yanayochangamsha. Kijana wa lori la Nakuru anayetafuna kuanzia mchana, halafu usiku anatafuta kidonge cha kumshusha, anavuta kamba ncha zote mbili. Akiamka saa tisa kuishuka barabara ya Salgaa, muguka umeisha na diazepamu bado imo. Pombe sitaichambua sana: pombe na benzodiazepini hubonyeza kitufe kimoja, na pumzi ndiyo inayolipa. Dawa kali za maumivu za jamii ya mofini hupita njia nyingine, lakini pumzi hulipa vilevile.

Sasa kuhusu kutibu wasiwasi wenyewe. Sitaki kuandika kana kwamba dawa hizi ni sumu. Mtu aliyeshikwa na hofu ya ghafla, anayeamini anakufa, anayekimbizwa hospitali na wanawe wakidhani ni moyo, diazepamu au lorazepamu humrudisha duniani usiku huohuo. Hakuna dawa ya sonona, yaani ya ugonjwa wa huzuni kubwa, inayoweza hilo. Kwa mlevi anayeacha pombe, ukoo huu unaokoa maisha. Ubaya unaanza pale daraja linapogeuzwa nyumba. Mwaka 1993 watafiti wa London na Toronto walichapisha matokeo ya watu 154 waliokuwa na hofu ya ghafla na woga wa kutoka nje. Kwa wiki nane baadhi walipewa alprazolamu, baadhi tiba ya kuwazoesha hatua kwa hatua yale wanayoyaogopa, baadhi vyote viwili. Dawa ilisaidia wakati inamezwa. Ilipoondolewa, faida yake ikaondoka nayo, na waliozoeshwa bila dawa wakabaki na walichopata. Mimi utafiti huo naupenda kwa sababu ulifanya kitu ambacho duka la dawa halifanyi kamwe: ulisubiri kuona kitakachotokea baada ya kidonge cha mwisho.

Najua ni rahisi kuandika "nenda ukapate tiba ya mazungumzo". Nauli ya kutoka Usenge kwenda Kisumu, siku nzima ya soko imepotea, na ukifika unaambiwa urudi wiki ijayo. Kidonge kiko hapo kwenye kona. Lakini kuna njia ya kati tunayoipuuza. Fluoksetini na sertralini, zinazoitwa dawa za sonona, ndizo zinazopewa nafasi ya kwanza kutibu wasiwasi wa muda mrefu, na kuziacha hakuleti arosto, mateso ya mwili uliozoea dawa, kama ya ukoo huu. Kasoro yake ni kwamba huchukua wiki mbili hadi sita kuonyesha kazi, na siku za mwanzo zinaweza hata kuuchochea wasiwasi. Hapo ndipo benzodiazepini inapopata heshima yake: siku chache za kumvusha mgonjwa mpaka dawa ya pili ishike. Kama ningeulizwa na daktari nipendekeze ya kuvukia, kijana mwenye ini zima ningempa diazepamu kidogo usiku, mzee au mwenye ini bovu lorazepamu, na alprazolamu ningeiacha mwisho. Wapo wataalamu watakaonipinga kuhusu klonazepamu, na huenda wana haki. Juu ya siku, sidhani tutagombana.

Siku ndizo hazijawahi kuandikwa popote. Diazepamu yetu ilikuwa ikija kwenye mkebe wa vidonge 1,000. Tulivihesabu kwa sahani na kijiko bapa, tukavitia kwenye bahasha ndogo, tukaandika kwa kalamu "1 × 1 usiku". Karatasi ya maelezo, moja kwa mkebe mzima, ilibaki dukani. Bahasha ina nafasi ya jina la dawa, nafasi ya idadi na nafasi ya mara kwa siku. Haina mstari wa "mpaka lini". Kisheria hatukupaswa hata kuifungua bila karatasi ya daktari, lakini kaunta hulipwa kwa kuuza, haina malipo ya kukatalia.

Nina mtu wangu katika hesabu hiyo. Mwalimu wa shule ya msingi, mpole, alikuwa akija kila Ijumaa. Vidonge 10, baadaye 20, baadaye 40 kwa wiki. Tulikuwa tunaongea mpira, Gor Mahia imecheza vipi. Nilimuuzia kwa miezi minane na sikuwahi kuijumlisha. Kisha mwezi mmoja dawa ikakosekana kwa wauzaji wa jumla, nikamwambia pole, arudi wiki ijayo. Siku tano za kwanza, mkewe alikuja kunieleza, hakikuonekana kitu. Ya sita mikono ikaanza kumtetemeka mpaka chaki ikamponyoka, na akawa anaziba masikio darasani kwa sababu sauti za watoto zilimwingia kama mabati yanayogongwa. Usiku hakulala. Akadhani anarukwa na akili. Hiyo ndiyo arosto ya diazepamu: kwa kuwa dawa hutoka polepole, nayo hubisha hodi kwa kuchelewa, mtu haioanishi na kidonge alichoacha wiki iliyopita. Ya alprazolamu hupiga ndani ya siku moja au mbili, na zote mbili, kwa aliyezitumia kwa wingi na muda mrefu, zinaweza kuleta degedege kama la kifafa. Mwalimu alipelekwa hospitali, akarudishiwa diazepamu, kisha ikapunguzwa kidogo kidogo kila wiki mbili. Ilimchukua karibu mwaka kumaliza kilichoanza na bahasha ya vidonge 10. Hakuwahi kunilaumu. Alihamia duka jingine tu.

Mama wa omena nilimwandikia majina ya dawa zote kwenye kipande cha karatasi, nikamwambia akitie ndani ya kadi yake ya TB na amwonyeshe afisa wa kliniki, na amwambie pia kuhusu mawazo. Kwa Kijaluo alisema moyo unamsumbua, *chunya chandore*, tangu mkopo wa chama uanze kudaiwa. Hakufurahi. Alikuja kununua, nikampa kazi ya nyumbani.

Wiki iliyofuata alipita mchana kweupe, bila kunong'ona. Walikuwa wamempimia dozi mpya, wakampangia kukutana na mshauri nasaha siku ileile ya kuchukua dawa za kifua ili asilipe nauli mara mbili. "Wamenipa za siku kumi," akasema, akikunja vidole vya mkono wa kushoto kimoja baada ya kingine. "Leo ni ya nne." Kisha akateremsha karai na kuniuliza kama nataka omena ya kukaanga au ya mchuzi.